Hodi Katika Theluji

Wasomaji wetu wakaao Nairobi, Dar es Salaam, Kampala au Lubumbashi bila shaka wamekwisha kuwaona: vijana wawili wawili, shati jeupe na tai, kibao cheusi chenye jina kifuani, wakienda kwa miguu katika jua kali. Hao ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao watu wengi huwaita Wamormoni, ingawa tangu mwaka 2018 wakuu wa kanisa hilo wameomba jina hilo la mkato liachwe na jina kamili litumike. Sisi tunaoandika si watu wa kanisa hilo, na yako mafundisho yao tusiyoyapokea. Twalisema hilo mara moja tu, asije mtu akatushuku, kisha twaliweka kando. Kwa maana jambo tunalotaka kuwasimulia mwezi huu si mafundisho yao, bali ni siku zao.

Hao mnaowaona hapa wana taabu ya jua na vumbi. Lakini wako ndugu zao waliopelekwa mahali ambapo taabu ni ya namna nyingine, nasi tumeichagua nchi ya Ufini, majira ya baridi, ili tuwafuate huko tangu alfajiri hata usiku. Hatutamtaja mtu kwa jina. Tutaifuata siku kama wanavyoiishi walio wengi, na tukisema "kijana wetu", msomaji ajue ya kwamba twasema habari za mmoja kwa niaba ya wengi.

Kwanza nchi yenyewe. Ufini iko kaskazini mwa Ulaya, kati ya Uswidi na Urusi. Watu wake ni milioni 5.6 hivi, na zaidi ya sita katika kila kumi wameandikwa katika Kanisa la Kilutheri, ijapokuwa walio wengi hawaonekani kanisani siku za Jumapili. Mwishoni mwa Disemba, katika mji mkuu wa Helsinki, jua huonekana kwa muda usiotimia saa sita. Mjini Oulu ni saa tatu na nusu hivi. Rovaniemi saa mbili na dakika chache. Na huko Utsjoki, kaskazini kabisa, jua likichwa mwishoni mwa Novemba halionekani tena mpaka katikati ya Januari, yapata siku 50. Wafini wana neno lao la giza hilo, kaamos. Sisi tuliozoea jua kutoka saa kumi na mbili na kuchwa saa kumi na mbili, mwaka hata mwaka, hatuna neno la jambo kama hilo, wala hatukulihitaji.

Na theluji sisi twaijua kwa kuitazama Kilimanjaro kwa mbali. Huko huanguka juu ya kizingiti cha mlango, na asubuhi mtu sharti achimbe njia kabla ya kutoka. Bahari ya upande wa kaskazini huganda kila mwaka, hata zinahitajika meli zilizojengwa kwa kazi ya kupasua barafu, ziwatangulie wenzao wanaobeba mizigo. Tarehe 28 Januari 1999, mahali paitwapo Pokka katika wilaya ya Kittilä, kipimo kilishuka hata digrii 51.5 chini ya sifuri, nayo ndiyo baridi kuu kupita zote zilizopata kupimwa katika nchi hiyo. Siku za kawaida si kali kiasi hicho. Lakini hata digrii kumi na tano chini ya sifuri zatosha kuzigandisha kope za mtu kwa mvuke wa pumzi yake mwenyewe.

Wamisionari wa kwanza wa kanisa hilo waliingia Ufini kutoka Uswidi katika miaka ya 1870, nchi ilipokuwa chini ya mfalme wa Urusi na sheria haikuwaruhusu watu wa madhehebu mengine kuhubiri wapendavyo. Sheria ya uhuru wa dini ilianza kutumika mwaka 1923. Misheni yao ya Ufini ilianzishwa mwaka 1947, vita vikuu vikiwa vimekwisha juzi tu. Kitabu cha Mormoni kilitoka kwa Kifini mwaka 1954. Na hekalu lao huko Espoo, karibu na Helsinki, liliwekwa wakfu mwaka 2006. Na baada ya kazi hiyo yote, waumini wao katika nchi nzima ni yapata 5,000: mtu mmoja katika kila elfu na zaidi. Twaomba msomaji aishike hesabu hiyo, kwa kuwa tutairudia.

Kijana hajichagulii mahali pa kwenda. Huandika ya kwamba yu tayari, kisha hungoja jibu kutoka makao makuu ya kanisa lake, mji wa Salt Lake City, Marekani. Jibu likisema Brazili, huenda Brazili. Likisema Ufini, huenda kununua koti. Mwanamume aweza kutumwa tangu akiwa na miaka 18 (kabla ya mwaka 2012 ilikuwa 19), naye hutumika miaka miwili. Mwanamke hutumika miezi 18. Mwishoni mwa mwaka 2024 walikuwa zaidi ya 74,000 duniani kote. Hawapati mshahara. Tena, hapa wazazi wasikilize, hulipa wao. Tangu mwaka 2020 nyumba ya Marekani iliyomtuma mtoto hutoa dola 500 kila mwezi, ambazo kwa miaka miwili ni dola 12,000. Fedha huingia katika mfuko mmoja, ili aliyepelekwa nchi ya ghali asilipe kuliko aliyepelekwa nchi ya rahisi. Wengi huanza kuweka akiba wangali watoto, senti kwa senti, kwa kukata majani ya majirani na kuuza magazeti, na palipopungua baba na mama hujaza.

Jambo moja litawachekesha wasomaji wetu. Kijana huyo, ambaye pengine ndevu zake bado hazijajua upande wa kuotea, akivaa kile kibao huitwa "Mzee". Kwa Kifini ni vanhin, na maana ni ile ile. Hebu fikirini mtoto wa miaka kumi na tisa akisimama mbele ya mlango wa bibi wa miaka themanini, akijitambulisha kuwa yeye ni Mzee fulani! Kwetu bibi angemwita aketi, ampe uji kwanza, ndipo amwulize ni mzee wa nini.

Wala hayuko peke yake hata mara moja. Amepewa mwenziwe, aliyechaguliwa na mkuu wa misheni, nao hulala chumba kimoja, hula pamoja, hutembea pamoja, na mmoja hawezi kwenda dukani bila mwingine. Kila baada ya majuma sita hivi huja habari za uhamisho, na hapo huenda akabadilishiwa mwenzi au mji, ama akabaki palepale. Ndoa yenyewe, ambayo watu huiingia kwa hiari, ina nafasi ya mmoja kwenda shamba na mwingine kubaki jikoni, hawa hawana. Kama mwenziwe anakoroma, atamsikia. Kama ana kinyongo, chumba ni kidogo na nje ni baridi.

Sasa siku yenyewe. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kengele hulia. Hakuna jogoo, hakuna ndege. Nje ni kama usiku wa manane, na jua litachelewa saa tatu au nne zaidi. Lakini chumbani ni joto, kwa kuwa maji ya moto hupita katika mabomba ukutani, na madirisha yamewekwa vioo viwili au vitatu. Kijana wetu hupiga magoti, husali, hunyoosha viungo nusu saa hapo hapo kati ya vitanda viwili, huoga, hula uji wa shayiri. Kisha husoma: Maandiko peke yake, kisha pamoja na mwenziwe, kisha lugha.

Lugha hiyo yastahili maneno machache. Kifini si ndugu wa Kiingereza, wala wa Kiswidi kilicho jirani yake. Jina moja hugeuzwa mwisho wake kwa namna 15, na Wamarekani huona jambo hilo kuwa mateso. Sisi tumezoea kidogo, maana twasema nyumba, tena twasema nyumbani. Wafini husema talo, yaani nyumba. Talossa, ndani ya nyumba. Talosta, kutoka nyumbani. Taloon, kuingia nyumbani. Na hapo bado hawajamaliza. Tena hawana neno moja la mwanamume na jingine la mwanamke: husema hän tu, kama sisi tusemavyo yeye. Twadhani Mswahili angejifunza lugha hiyo kwa machozi machache zaidi. Hatari yake imo katika urefu wa sauti. Tapaan sinut huomenna maana yake ni, Nitaonana nawe kesho. Ukiivuta ile a kidogo kuliko ipasavyo, ukasema tapan, umemwambia mtu, Nitakuua kesho. Kijana mwenye koti jeusi, gizani, mlangoni pa mtu asiyemjua, ni lazima ajihadhari na kosa kama hilo.

Ifikapo saa nne huwa ni wakati wa kutoka. Kuvaa ni kazi ya robo saa: nguo ndefu za ndani za sufu, soksi juu ya soksi, shati, tai, sweta, koti zito, kofia yenye kufunika masikio, glavu. Chini ya viatu wengine hufunga meno ya chuma wasiteleze juu ya barafu. Na juu ya koti huning'iniza kipande kidogo chenye kurudisha nuru ya taa, ili mwenye gari amwone mtu kwa mbali. Sheria ya Ufini yaagiza kila aendaye kwa miguu gizani awe na kitu cha namna hiyo. Basi, toka kibandani hata madukani, watoto, wazee na wamisionari wote huonekana kama vimulimuli wakiyumba kando ya njia.

Siku nyingine kazi ya kwanza si neno bali ni sepetu. Wakiona jirani mzee ameshikwa na theluji mlangoni, huichukua sepetu na kumfungulia njia, kisha huenda zao. Kazi hiyo haina hatari ya sarufi.

Baada ya hapo ndipo milango.

Kwetu mtu hupiga hodi, na mwenye nyumba, hata akiwa na shughuli, huitikia karibu. Kunyamaza ni aibu ya nyumba nzima. Huko desturi ni nyingine, wala si kwa ubaya wa moyo. Mfini hamwendei mtu bila kuagana naye kwanza siku na saa. Majumba ya ghorofa yamefungwa tangu mlango wa chini, na asiye na ufunguo au namba za siri hana budi kubonyeza kitufe na kuzungumza na tundu la ukutani. Tena iko sababu ambayo sisi wa nchi za joto hatuikumbuki upesi: mlango ukiachwa wazi, joto lote hutoka. Kwetu watu wawili waweza kusimama kizingitini nusu saa, mmoja ndani na mmoja nje, wakaulizana habari za watoto, na nyumba isidhurike. Huko kila neno la mgeni lina gharama, na mwenye nyumba, amevaa nguo nyepesi za ndani, anasikia upepo ukimpiga miguuni. Husema ei kiitos, hapana, asante, na mlango hufungwa polepole, kwa adabu. Twathubutu kusema ya kwamba hakuna maneno ya Kifini ambayo vijana hao huyasikia mara nyingi kuliko hayo mawili.

Siku hizi, kwa sababu hiyo, hawategemei sana kugonga milango. Mwaka 2020, tauni ya korona ilipowarudisha wengi kwao na kuwafungia waliobaki ndani ya nyumba, walijifunza kutafuta watu na kufundisha kwa simu na intaneti, na njia hizo zimebaki. Husimama vituoni na kuzungumza na wasafiri, ingawa Wafini ni watu wa maneno machache, na hata wakingoja basi husimama mbalimbali kama nguzo za simu. Tena hufundisha Kiingereza bure, jioni moja katika juma, na hapo huja wanafunzi, wazee, na wageni waliokimbia vita katika nchi zao. Wengi wa hao hutaka Kiingereza tu, basi hupewa Kiingereza.

Lakini iko siku mlango unafunguliwa, na hapo huja jaribu jingine. Wafini hupita karibu mataifa yote ya dunia kwa kunywa kahawa. Huhesabiwa yapata kilo 10 za kahawa kwa mwaka kwa kila mtu. Mgeni akiingia, buli la kahawa hupanda jikoni kabla hajavua kofia. Na kanisa la kijana wetu, kwa kanuni waliyopewa mwaka 1833, hukataza kahawa, chai, pombe na tumbaku. Basi mfikirieni. Ametembea saa mbili, vidole vya miguu havina habari. Mama mmoja mjane amemkaribisha, amemketisha mezani, ameweka mkate mtamu uitwao pulla, ambao umetiwa iliki (ndiyo, iliki hii hii, na msomaji wa Unguja angeijua harufu yake toka ngazini), na sasa anamimina kahawa. Kukataa kinywaji bila kumkataa aliyekimimina ni kazi ngumu kuliko kutembea katika theluji. Waliozoea huwahi mapema, kabla buli halijawekwa motoni, huomba maji ya matunda ya mwituni yaliyochemshwa, ambayo kila nyumba ya Kifini inayo, na husifu mkate kwa kuula. Wasiozoea hunyamaza mpaka kikombe kimejaa mbele yao, kisha hutoa maelezo marefu katika lugha yenye miisho 15. Mama wa watu huketi akisikiliza, na kahawa hupoa.

Saa tatu za usiku au baadaye kidogo hurudi chumbani. Huandika mpango wa kesho, na saa nne na nusu taa huzimwa. Hivyo ndivyo siku sita za juma zilivyo, ukiacha ile moja ya kufua nguo, kununua chakula na kuwasiliana na nyumbani.

Na mwisho wa juma huja hesabu. Vijana hao huwapelekea wakubwa wao hesabu: ni watu wangapi wapya waliofundishwa, wangapi waliokubali siku ya kubatizwa, wangapi waliofika ibadani Jumapili. Kusudi la hesabu si baya. Mkulima naye huhesabu magunia. Lakini katika nchi ambayo miaka mingi ya kazi imeleta mmoja kwa elfu, majuma ya Januari huweza kuleta 0, na 0, na tena 0. Wako waliomaliza miaka miwili huko Ulaya wasimbatize hata mtu mmoja. Kijana aliyekwenda na picha ya makutano kandokando ya mto huketi kitandani na kalamu yake, naye mwenziwe huketi kitanda cha pili, na hakuna mwenye la kusema juu ya ile 0 ambalo hawakulisema juma lililopita.

Hapo mawazo huja. Wenzangu wa shule wako chuoni, wanajenga maisha. Baba yangu anatoa dola 500 kila mwezi ili mimi nifungiwe milango. Je, kosa ni langu? Nimesali kidogo? Giza nalo huongeza lake, maana mwili wa mwanadamu umefungamana na nuru. Mtu akikosa jua siku nyingi, usingizi huharibika na moyo huzama, hata asiye na huzuni yoyote. Wafini wenyewe wajua jambo hilo, na wengi huketi asubuhi mbele ya taa kali iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Lakini kijana aliyelelewa kwamba kila unyonge ni upungufu wa imani hajui kama anayohitaji ni sala, au taa, au daktari. Pengine anahitaji yote matatu.

Wengine hushindwa, hurudi kabla ya siku zao. Katika jumuiya zao, kwa muda mrefu, kijana kama huyo alipokewa kwa minong'ono. Aliyemaliza hulakiwa uwanja wa ndege kwa mabango na maputo. Aliyerudi nusu ya njia hupitia mlango wa pembeni, na Jumapili watu humwuliza mama yake kwa sauti ya chini ni nini kilichompata. Katika miaka ya karibuni kanisa lao limeweka washauri wa afya ya akili kwa ajili ya wamisionari, tena limewafungulia wanaorudi njia ya kumalizia utumishi wao karibu na nyumbani. Twalisifu jambo hilo. Minong'ono, hata hivyo, haifutwi kwa tangazo, nasi hatuna haki ya kuwacheka. Ni nyumba ngapi kwetu zimemtuma kijana Ulaya au Uarabuni kwa mchango wa ukoo mzima, naye akarudi bila cheti na bila fedha, akawa hapiti tena njia ya sokoni mchana? Tunawajua wawili ambao hawakurudi kabisa, kwa kuogopa uwanja wa ndege.

Zamani mzazi hakuwa na njia ya kujua. Mpaka mwanzoni mwa mwaka 2019 wamisionari hao waliandika mara moja kwa juma, lakini sauti yao ilisikika nyumbani mara mbili tu kwa mwaka, siku ya Krismasi na siku ya kina mama. Mwezi wa Februari mwaka huo amri ilibadilishwa, na sasa kijana aweza kupiga simu kila juma, wakaonana uso kwa uso katika kioo kidogo. Wako wazee waliosema ya kwamba hayo ni kuwadekeza, na ya kwamba wao walivumilia. Sisi twaona wazee hao wamesahau kitu kimoja. Barua huweza kuandikwa "Mimi ni mzima, kazi inaendelea" na mtu ambaye hajalala kwa siku tatu. Mama akiuona uso huuliza, Mbona macho yako hivyo? Kisha huuliza tena, na mara ya tatu hujibiwa.

Twamalizia kwa Krismasi, kwa kuwa huo ndio wakati ambao nyumbani huvuta kuliko siku zote. Disemba yote nchi hiyo huwasha mishumaa. Tarehe 6, siku ya uhuru wao, mishumaa miwili huwekwa madirishani. Mkesha wa Krismasi jamaa moja ya waumini huwaalika vijana wale chakula. Hula uji mzito wa mchele, mweupe, ambao ndani yake imefichwa lozi moja, na atakayeipata husemwa ana bahati. Watoto hula sahani tatu kwa kuitafuta. Kisha, kabla ya usiku kuwa mwingi, watu wote huvaa makoti na kwenda makaburini.

Hiyo ni desturi ya Wafini wote, wa dini na wasio na dini. Kila jamaa huwasha mshumaa juu ya kaburi la mtu wao, ndani ya kikopo cha kuukinga, na wale waliozikwa mbali huwekewa mshumaa wao mahali pa kuwakumbukia. Uwanja mzima hujaa nuru ndogo ndogo juu ya theluji, maelfu, na watu hupita kati yake bila kusema. Vijana wetu hawana kaburi huko. Hakuna wa kumpa kitabu, wala mlango wa kugonga, na hata mwenye ulimi mwepesi kuliko wote hufahamu ya kwamba saa hiyo si ya kuhubiri. Husimama kando, mikono mifukoni, wakiwaza ya kwao.

Na upepo ukiwa mkali hutokea mtu asiyewajua, mzee aliyeinama na kiberiti ambacho kimekwisha kuzimika mara nne, akawaashiria wasogee. Wawili hao husimama bega kwa bega, makoti yao yamefunguliwa kama pazia, mpaka utambi ushike. Mzee huinuka, hukung'uta theluji magotini, husema kiitos, safari hii bila ei mbele yake. Nao huitikia kwa kichwa, hutazama saa, na kuanza kukimbia, kwa maana basi la mwisho la sikukuu huondoka mapema.